Ofa za nusu bei mtandaoni: spa yako inavuna au inamlimia mwingine?

Ukiwa na spa, saluni au chumba cha masaji hapa Nakuru, huenda ushapokea simu ya aina hii: "Tupe huduma yako kwa nusu bei, sisi tutakuletea wateja mia moja. Hulipi chochote sasa hivi." Maneno matamu hayo, hasa mwezi wa Januari wakati kila mtu amebana mkono, vitanda viko tupu na mwenye nyumba anataka kodi yake.

Swali ni moja: ukikubali, utapata faida au utafanya kazi mwezi mzima ili mwingine ashibe? Katika somo hili tutalijibu kwa hesabu. Chukua kalamu na karatasi, kwa sababu nambari tutakazotumia ni za mfano, na utahitaji kuweka za kwako mahali pake. Na kama wewe ni mteja tu unayependa ofa, usiondoke. Kuna sehemu yako huko chini.

Ofa hizi hufanya kazi vipi?

Biashara ya ofa za siku ilipata umaarufu kupitia Groupon, iliyoanza Chicago, Marekani, Novemba 2008. Ofa yake ya kwanza ilikuwa piza mbili kwa bei ya moja. Ilikua haraka sana. Mwaka wa 2010 Google ilitaka kuinunua kwa karibu dola bilioni 6, ikakataa, na Novemba 2011 ikaingia kwenye soko la hisa. Hapa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2010, tulikuwa na Rupu, iliyomilikiwa na Ringier, kampuni ya Uswisi. Siku hizi ofa nyingi utazikuta Instagram, Facebook, TikTok na hata kwenye status za WhatsApp, lakini mpango ni ule ule.

Mpango wenyewe uko hivi. Wewe unakubali kushusha bei, mara nyingi kwa nusu au zaidi. Tovuti inatangaza ofa yako kwa watu wake. Mteja analipa tovuti kwa simu, anapewa vocha yenye nambari ya siri, kisha anakuja kwako. Tovuti inakata kamisheni yake, halafu inakutumia kinachobaki.

Kuna vitu viwili vya kuangalia hapo. Kwanza, mteja analipa tovuti, halipi till yako. Pili, kamisheni inakatwa kwenye bei ambayo tayari imeshushwa. Wengi husikia "nusu bei" na kudhani watabaki na nusu. Kama tovuti nayo inachukua nusu ya hiyo nusu, wewe unabaki na robo.

Wenzetu waliojaribu walipata nini?

Utpal Dholakia, profesa wa Chuo Kikuu cha Rice kule Marekani, alilichunguza jambo hili mapema. Mwaka wa 2010 aliuliza biashara 150 zilizokuwa zimetumia Groupon. Asilimia 66 walisema ofa iliwaletea faida, asilimia 32 wakasema walipata hasara, na zaidi ya asilimia 40 walisema hawangerudia. Mwaka uliofuata aliuliza biashara 324 zilizotumia tovuti mbalimbali katika miji 23. Safari hii asilimia 55.5 walipata faida, asilimia 26.6 walipata hasara, na waliobaki walitoka sare.

Katika uchunguzi huo wa pili kuna nambari tatu ambazo mwenye spa anafaa kuzikariri:

- Karibu asilimia 80 ya waliotumia vocha walikuwa wateja wapya.
- Karibu asilimia 36 walitumia pesa zaidi ya thamani ya vocha siku hiyo.
- Karibu asilimia 20 pekee ndio walirudi na kulipa bei kamili.

Hizo ni nambari za Marekani, si za Nakuru. Lakini zinatupa mahali pa kuanzia tunapopiga hesabu: katika kila wateja watano wa vocha, mmoja ndiye atakayerudi bila punguzo.

Kuna pia mfano wa duka moja la keki karibu na mji wa Reading, Uingereza. Mwaka wa 2011 lilitoa ofa ya asilimia 75 bila kuweka kikomo cha vocha. Watu 8,500 walinunua. Duka likalazimika kuoka keki ndogo 102,000, likaajiri vibarua, na likapoteza kama pauni 12,500. Ofa ilifaulu kupita kiasi, na kufaulu huko ndiko kulikoliumiza duka.

Saa ya masaji ni kama kiti cha matatu

Spa ina tofauti moja kubwa na duka la keki. Keki moja zaidi inahitaji unga zaidi, mayai zaidi na sukari zaidi. Kwenye spa, kitu kikubwa unachouza ni saa. Saa tisa ya Jumanne ikipita kitanda kikiwa kitupu, huwezi kuiweka kwenye friji uiuze Jumamosi. Imeenda.

Makanga wa matatu ya Nakuru kwenda Nairobi anaijua biashara hii vizuri kuliko wengi wetu. Gari likiwa nusu tupu na abiria wamepungua, anashusha nauli, kwa sababu kiti kitupu hakilipi mafuta. Lakini umewahi kumwona akishusha nauli wiki ya Krismasi? Hata kwa dawa!

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya ofa za spa. Punguzo linauza saa ambazo zingepotea. Likianza kuuza saa ambazo zingelipiwa bei kamili, linakula mtaji wako.

Tupige hesabu

Tuseme una spa ndogo yenye vitanda viwili na wahudumu wawili. Masaji ya saa moja ni Sh2,500. Kila kitanda kinaweza kuchukua wateja watano kwa siku, na unafungua siku 26 kwa mwezi. Hizo ni nafasi 260. Kwa sasa unauza 120, kwa hivyo nafasi 140 zinaenda bure, nyingi zikiwa kati ya Jumatatu na Alhamisi.

Kila mteja anayelala kitandani anakuja na gharama zake:

- Mafuta na krimu: Sh150
- Kufua taulo na shuka: Sh100
- Maji na stima: Sh50
- Kamisheni ya mhudumu, asilimia 30 ya Sh2,500: Sh750

Jumla ni Sh1,050. Kwa hivyo mteja wa bei kamili anakuachia Sh1,450 za kulipa kodi, leseni, intaneti na wewe mwenyewe.

Sasa ingiza ofa ya nusu bei. Mteja analipa tovuti Sh1,250. Tovuti inakata nusu. Wewe unapata Sh625.

Ukiendelea kumlipa mhudumu Sh750 zake, umetumia Sh1,050 kupata Sh625. Kila mteja anakutoa Sh425 mfukoni. Ukimlipa asilimia 30 ya Sh1,250 ambazo mteja alitoa, yaani Sh375, gharama yako ni Sh675 na bado una hasara ya Sh50. Ukimlipa asilimia 30 ya Sh625 ulizopokea wewe, anapata Sh187 na kitu. Hapo sasa unabaki na kama Sh137. Lakini angalia vizuri ni nani amelipia tangazo hilo: ni yule dada aliyesimama saa nzima akikanda mgongo wa mtu kwa robo ya malipo yake ya kawaida. Tutarudi kwake.

Tuchukue njia ya katikati: mnakubaliana kwamba kwa kila vocha mhudumu atapata Sh500. Gharama ni Sh800, unapokea Sh625, kwa hivyo kila vocha inakugharimu Sh175. Ukiuza vocha 100, umetumia Sh17,500.

Hapo wengi husema, "Sawa tu, hayo ni matangazo." Na kweli ni matangazo, hatukatai. Lakini hesabu haijaisha.

Kati ya watu 100, tuseme 80 ni wapya na 20 ni wateja wako wa kila siku walioona ofa wakaichangamkia. Huwezi kuwalaumu. Hao 20 wangekuja na kulipa Sh2,500, na kila mmoja angekuachia Sh1,450. Umepoteza Sh29,000 nyingine. Gharama ya kweli ya ofa ni Sh17,500 na Sh29,000, jumla Sh46,500.

Sasa faida iko wapi? Wateja wapya ni 80. Mmoja kati ya watano akirudi kwa bei kamili, hao ni 16. Gawanya Sh46,500 kwa 16: kila mteja aliyerudi amekugharimu kama Sh2,900. Akija mara moja anakuachia Sh1,450. Kwa hivyo ni lazima kila mmoja wao arudi mara mbili na zaidi kidogo ndipo ufike pale ulipokuwa kabla ya ofa. Faida inaanzia mara ya tatu. Na kama watakaorudi ni wanane badala ya 16, itabidi kila mmoja aje mara nne ndipo urudishe pesa zako.

Sasa badilisha sharti moja tu: ofa ni ya wateja wapya peke yao. Unauza vocha 80. Gharama ni 80 mara Sh175, yaani Sh14,000. Wanarudi 16. Kila mmoja amekugharimu Sh875. Akirudi mara moja tu, pesa imerudi na chenji imebaki.

Umeona? Bei haikubadilika, wala kamisheni ya tovuti haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba wateja wako wa kawaida walibaki kwenye bei yao.

Pesa zimeingia, lakini bado si zako

Tovuti ikiuza vocha zako 100 kwa siku mbili na kukutumia pesa, simu yako italia na utaona Sh62,500 zimeingia. Siku hiyo utajisikia vizuri. Tafadhali, usizile.

Pesa hizo ni deni. Unadaiwa masaji 100. Utahitaji mafuta, dobi na malipo ya wahudumu kwa kila moja, na kwa mfano wetu hiyo ni Sh80,000. Ukilipa kodi ya nyumba na zile Sh62,500 leo, mwezi ujao utakuwa unahudumia watu ambao pesa zao zilishaisha.

Ushauri wetu: zihamishe siku hiyo hiyo hadi kwenye akaunti ya akiba ya simu au laini nyingine ya biashara. Kila mtu akija na vocha yake, toa Sh625 zake uzirudishe kwenye matumizi. Ukifanya hivyo utaona kila siku deni limebaki kiasi gani.

Kuna tovuti nyingine hulipa kinyume: wewe unahudumia kwanza, wao wanakutumia pesa baada ya wiki kadhaa. Hapo shida ni tofauti. Nani atanunua mafuta leo? Kabla ya kutia sahihi, uliza siku ya malipo na uiandikishe kwenye mkataba.

Usisahau kodi ya serikali pia. Kama mauzo yako ya mwaka ni kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni na unalipa kodi ya mauzo, ile watu huita TOT, kiwango chake tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Inatozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Mwezi ambao ofa imekupa hasara, bado unailipa. Muulize mhasibu wako ni kiasi gani cha vocha kinahesabiwa kama mauzo yako.

Mhudumu asipofurahia, ofa imekufa

Uchunguzi wa Dholakia wa 2010 ulionyesha kwamba kitu kilichochangia zaidi ofa kufaulu kilikuwa kuridhika kwa wafanyakazi. Ukubwa wa punguzo haukuwa na uzito kama huo.

Ukifikiri kidogo utaona ni jambo la kawaida. Mteja wa vocha anakuja kwa mara ya kwanza. Hakujui wewe, anamjua yule aliyemkanda. Kama mhudumu analipwa Sh187 kwa saa aliyozoea kulipwa Sh750, mikono yake itasema hata kama mdomo umenyamaza. Masaji itakatwa dakika kumi, salamu itakuwa baridi, na yule mteja hatarudi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston na wenzao wa Harvard walipochunguza maoni ya wateja kwenye mtandao wa Yelp, waligundua kwamba wateja waliotaja Groupon walitoa alama za chini kwa karibu asilimia 10 kuliko wengine.

Kwa hivyo kaa na wahudumu wako kabla ya kukubali ofa yoyote. Waonyeshe hesabu. Kubalianeni malipo ya kila vocha, na kama unaweza, waongezee kitu kwa kila mteja wa vocha anayerudi na kulipa bei kamili. Hapo nao watakuwa na sababu ya kumkaribisha vizuri. Na mara nyingi wao ndio wanajua ni saa gani kitanda kiko kitupu kweli.

Nakuru si Nairobi

Wengi wanaofuata kurasa kubwa za ofa wako Nairobi. Kutoka huko hadi hapa ni kama kilomita 160. Mtu wa Nairobi akinunua vocha yako, atakuja siku moja akitoka kuona flamingo ziwani au akirudi kutoka Menengai, apate masaji yake, aende zake. Hatarudi wiki ijayo. Ile hesabu ya mmoja kati ya watano haimhusu.

Kwa hivyo uliza tovuti swali hili: watu wako wangapi wanaishi Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha? Wakikosa kukujibu, jibu unalo. Ukurasa mdogo wa mtaani wenye wafuasi wa Milimani, Section 58, Lanet na London, yaani ile London yetu ya Nakuru, unaweza kukufaa kuliko ukurasa mkubwa wa mbali. Walimu, wauguzi, wafanyakazi wa benki na wa kaunti ndio wanaoweza kukuzoea, kwa sababu wanapita mlangoni kwako kila siku. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ofisi na nyumba zimezidi kuongezeka, na hao ndio wateja wa kutafutwa.

Ukiwa Naivasha hesabu inageuka. Huko wageni wa wikendi ndio biashara yenyewe. Watu hufunga safari hadi Olkaria kuogelea kwenye maji ya moto ya chini ya ardhi, na wanalipa. Wikendi kama hizo, na zaidi wiki ya Safari Rally, hazihitaji punguzo hata kidogo. Mgeni ameshafika, ana pesa, na nafasi zako ni chache. Weka ofa yako Jumatatu hadi Alhamisi, na tarehe za sikukuu uzifunge kabisa kwenye mkataba.

Masharti saba ya kuandika kabla ya kukubali

1. Kikomo cha vocha. Anza na 30 au 40. Ukiona hesabu inakubali, rudia.
2. Siku na saa. Mfano: Jumanne hadi Alhamisi, saa tatu asubuhi hadi saa tisa mchana.
3. Wateja wapya pekee, vocha moja kwa kila nambari ya simu. Mwambie mteja wako wa zamani ukweli, na umpe zawadi yake tofauti.
4. Kuweka nafasi mapema. Usikubali watu wafike tu. Weka pia kikomo cha wiki, la sivyo wote watamiminika wiki ya mwisho kabla vocha haijaisha muda.
5. Kamisheni ya tovuti. Inajadiliwa. Robo ya bei badala ya nusu inageuza hesabu yote.
6. Siku ya kulipwa, na nani anarudisha pesa mteja akikosa kuhudumiwa.
7. Nambari za wateja. Mteja anapofika, muombe nambari yake na ruhusa ya kumtumia ujumbe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini yake. Mtu kukulipa kwa till si ruhusa ya kumtumia matangazo.

Kitu kingine: usipandishe bei kwanza ili uje kuishusha. Kuandika kwamba huduma ni Sh4,000 wakati umekuwa ukiiuza Sh2,500 ni kumdanganya mteja, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza madai ya punguzo ambalo halipo.

Je, ukifanya ofa yako mwenyewe?

Unaweza kuruka tovuti kabisa. Tuseme unatoa punguzo la asilimia 30 kwa saa zile tupu, mteja analipa Sh1,750 moja kwa moja kwenye till yako. Hata ukimlipa mhudumu Sh750 zake zote, gharama ni Sh1,050 na unabaki na Sh700. Linganisha na ile hasara ya Sh175.

Lakini tahadhari, hata hii ina mtego. Kila mteja ambaye angelipa bei kamili akachukua punguzo, umepoteza Sh750. Tuseme watu 40 wametumia ofa, na 25 kati yao wangekuja tu. Umepata Sh10,500 kutoka kwa wale 15 na kupoteza Sh18,750 kwa wale 25. Umerudi nyuma Sh8,250. Kwa mfano wetu, mara tu wateja wa kawaida wanapokaribia nusu ya wanaotumia ofa, faida imeisha.

Njia zinazoumiza kidogo ni hizi:

- Kadi ya mara ya sita. Mteja akilipa masaji tano, ya sita ni bure. Punguzo ni kubwa, lakini linamwendea aliyerudi mara tano.
- Mlete rafiki. Mteja wako akimleta mtu mpya, wote wawili wanapata Sh300 chini kwa siku za kazi. Huyo mpya amekuja na mtu anayekuamini.
- Kulipia mapema. Masaji nne kwa bei ya tatu na nusu, zinalipwa mara moja. Kumbuka tu, hili nalo ni deni, kwa hivyo tenga pesa.
- Kuongeza badala ya kupunguza. Bei inabaki Sh2,500 lakini Jumanne mteja anapata pia kusuguliwa miguu kwa dakika 15. Kesho hakuna atakayekudai bei ya chini.

Utajuaje kama ofa ilifaulu?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua daftari lenye safu nne: tarehe, jina la mteja, alikuja kwa vocha au kwa bei kamili, na kama ni mara yake ya kwanza. Baada ya miezi mitatu, pakua taarifa ya miamala ya till yako na uilinganishe na daftari. Hesabu wale wa vocha waliorudi wakalipa bei kamili, na ni mara ngapi. Zidisha na kile mteja mmoja anakuachia, kisha uone kama imezidi gharama ya ofa. Ikiwa imezidi, rudia. Ikiwa haijazidi, ukipigiwa simu tena sema asante na ukate.

Kwa wewe mteja unayependa ofa

Nusu bei ni kitu kizuri, lakini pesa yako inatoka kabla ya huduma. Kwa hivyo:

- Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Kama ofa ni ya spa na jina ni la mtu usiyemjua, simama. Piga simu spa yenyewe uulize.
- Usimpe mtu PIN yako, hata akisema ni ya kukomboa vocha. Vocha haihitaji PIN yako.
- Hifadhi ujumbe wa malipo na picha ya ofa, yenye tarehe na masharti.
- Uliza kuhusu nafasi kabla ya kulipa. Vocha ya wiki mbili katika spa iliyojaa wiki tatu ni karatasi tu.
- Ukikosea nambari, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja. Na mtu akikutumia ujumbe kwamba amekutumia pesa kimakosa, angalia salio lako kwanza.
- Mkumbuke mhudumu. Kama umefurahia, mtumie kitu kidogo kwa simu. Sasa unajua huenda leo amelipwa chini ya kawaida.

Kwa hivyo, jibu ni lipi?

Spa ndogo inaweza kufaidika na ofa za nusu bei, ikiwa ofa inajaza saa zilizokuwa tupu, inaleta watu wapya wanaoishi karibu, na mhudumu analipwa vizuri vya kutosha kuwafanya warudi. Ukikosa hata moja kati ya hizo tatu, tovuti italipwa, mteja atafurahia, na wewe utabaki na shuka za kufua.

Kabla ya kusema ndiyo, andika nambari zako tatu: mteja wa bei kamili anakuachia kiasi gani, mteja wa vocha anakuachia kiasi gani, na ni nafasi ngapi zinaenda bure kila wiki. Kama hujui moja kati ya hizo, ofa isubiri kwanza. Anza na daftari leo jioni ukifunga.